Pale Mafuriko Alipopisha

Nyuma ya pazia, mpiga piano alikuwa ameukalia mkono wake wa kushoto ili upate joto. Tangu apatwe na kiharusi kidogo, vidole viwili vya mkono huo vilikuwa vikifanya vitakavyo, na alasiri hii ndiyo mara ya kwanza anarudi jukwaani. Alikwisha kujiambia kwamba akiaibika leo, piano ataifunga moja kwa moja.

Na mkono huohuo ndio uliompa jina. Wapenzi wa jazi walimwita Mafuriko, kwa jinsi alivyojaza kila upenyo wa wimbo kwa sauti nzito za chini, mpiga besi akabaki anatafuta pa kutia mguu. Mpiga besi mwenyewe alikuwa mdogo wa mumewe, mtu wa masihara, aliyeyavumilia yote hayo kwa utani tu.

"Shemeji, unaatamia mayai?" alimuuliza.

"Niache bwana. Naogopa."

Mpiga besi hakucheka. "Basi leo twende taratibu."

"Taratibu mimi naijulia wapi?"

Walianza vizuri. Mkono wa kulia ulikuwa mwepesi, hata akaanza kujisahau. Kisha, katikati ya wimbo, pale alipozoea kuporomosha sauti zake nzito, vidole vikagoma. Pakawa kimya kabisa. Mpiga besi naye alikuwa amenyamaza, kwa mazoea ya miaka ya kumpisha hapo. Mafuriko akatamani ardhi ipasuke immeze.

Ndipo besi ikaingia. Kwanza kwa woga, kama mgeni anayebisha hodi, halafu ikajiamini, ikatembea. Mafuriko akageuza kichwa. Alikuwa amepiga na shemeji yake tangu ujana wao, na hakuwahi kujua kwamba ana sauti tamu namna ile. Moyo ulimuuma, kisha ukafurahi.

Akamjibu kwa mkono wa kulia, sauti chache mno. Besi ikauliza jambo jingine. Ukumbini mtu akaguna kwa raha.

Wimbo ulipozunguka ukarudi palepale, vidole vilikuwa vimelainika, vimekubali kupiga. Alivihisi. Mpiga besi naye aliviona vikiinuka, akaanza kupunguza sauti ampishe.

Mafuriko aliviacha vidole juu ya vitufe, bila kubonyeza hata kimoja.

"Endelea, shemeji," alisema. "Bado nasikiliza."