Bei ya Kila Kilo

Mhasibu wa hospitali alikuwa mwanamke asiyejua kuchakachua hesabu, na alijivunia hilo. Mkurugenzi alipomwita amlinganishie gharama za wafuaji wa hospitali na za kampuni ya nje iliyoomba kazi hiyo, alisita. Katika chumba kile cha kufulia, kati ya mashine zinazonguruma na marundo ya mashuka yenye damu, alikuwamo wifi yake, dada wa mumewe, aliyemlea mhasibu kama yai alipojifungua mtoto wake wa kwanza.

"Mpe mtu mwingine, bosi. Mle ndani nina ndugu."

"Ndiyo maana nakupa wewe," mkurugenzi akajibu. "Hakuna atakayesema umewaonea."

Akakaa na tarakimu zake. Upande mmoja mishahara, bima ya matibabu, likizo, kiinua mgongo, mashine kuukuu zinazobugia umeme. Upande wa pili kitu kimoja tu: bei ya kila kilo. Alihangaika kuwatetea wafuaji. Aliingiza mashuka waliyoyashona yalipochanika, akaingiza na zile mara walizoitwa ghafla chumba cha upasuaji kilipoishiwa. Wapi! Kampuni bado ilitoka rahisi, tena kwa mbali.

"Sabuni ni ile ile, maji ni yale yale," alimwambia mkurugenzi. "Watakuwa wanawakamua watu."

"Hiyo shauri yao. Sisi tunanunua mashuka safi."

Mhasibu akatia sahihi.

Siku wafuaji walipoachishwa kazi, wifi alikuja nyumbani, akakataa kiti.

"Wamesema wewe ndiye uliyepiga hesabu, wifi."

"Ni mimi. Lakini wallahi sikuongeza wala kupunguza kitu."

"Sikuulizi kama ulikosea. Nakuuliza kama ulijua nami nimo humo."

Mhasibu akamsogezea tena kile kiti. Mumewe akainuka kumsindikiza dada yake, na tangu hapo akawa anasema na mkewe kwa mkato, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia.

Kampuni ilimchukua wifi kama kibarua. Kazi ile ile, mashuka yale yale, ila sasa bila bima, na glavu zikitoboka ni juu yako. Haukupita muda mrefu, dumu la dawa ya kuondoa madoa likampasukia mikononi, dawa ikambabua.

Alikimbizwa pale pale hospitalini alipotumika tangu usichana wake. Karani wa mapokezi alimtafuta kwenye orodha ya wafanyakazi, hakumwona, akamwambia atangulize malipo. Wifi akaketi kwenye benchi, mikono ameitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akilia bila sauti, hadi muuguzi mmoja aliyemfahamu alipopanda ngazi kumwita mhasibu. Mhasibu alishuka mbio, pekupeku, viatu amevisahau chini ya meza. Alilipa. Daktari alifanya aliloweza, lakini vidole vya mkono wa kulia havikukunjika tena.

Wifi aliporuhusiwa kurudi kwake, mhasibu alimpelekea uji. Alimkuta peke yake, mikono imefungwa bandeji hadi kwenye viwiko. Hawakusalimiana. Mhasibu akavuta kigoda, akaanza kumlisha kijiko baada ya kijiko, akipoza kila kimoja kwa pumzi, na wifi akala, maana njaa haina kiburi. Uji ulipokwisha, mhasibu akampangusa mdomo.

"Nisamehe, wifi."

"Nikusamehe nini? Si ulisema hesabu ilikuwa sawa?"

"Ilikuwa sawa."

"Basi." Wifi akageukia ukuta. "Usije tena. Sikuchukii, Mungu shahidi. Ila nikikuona, mikono inaniuma upya."

Mhasibu akatoka na bakuli tupu. Barabarani watu walimpita wakielekea makwao. Alisimama pembeni, akijaribu kukumbuka ni wapi hasa angeweza kukataa, na kila alipofikiri amepaona, alimwona mtu mwingine ameketi kwenye meza yake, akitia sahihi ile ile badala yake. Hilo halikumpa nafuu hata kidogo. Akaanza kutembea taratibu, maana nyumbani nako mumewe hakuwa akimngoja tena.