Ndugu Watatu Ndani ya Jiwe

Kazi yangu ilikuwa kuosha mawe. Fundi wa msumeno akishalipasua jiwe, mimi nalisugua kwa brashi na kuliweka mezani, kisha Mama Mpimaji analitazama kwa lenzi na kulipa jina. Mwaka mzima niliosha bila kuuliza kitu. Fundi akanibandika jina la Kimya.

Kisha msaidizi wa Mama, aliyekuwa akihesabu chembe, aliolewa akahama. Asubuhi moja Mama akaniita.

"Kimya, hebu keti. Hesabu chembe za jiwe hili. Ukilipa jina sahihi, kiti ni chako. Ukikosea, nitatafuta mtu wa nje, nawe urudi kwenye ndoo."

"Huyu?" Fundi alicheka. "Hata salamu tunamkamua kama ndimu kavu! Atalisemea jiwe?"

"Wewe kata mawe, baba. Maneno niachie mimi."

Shule niliacha darasa la tano. Kugawanya kulinishinda, lakini kuhesabu hadi mia nilijua. Nikatandaza juu ya jiwe karatasi ya plastiki yenye nukta mia, nikainamia lenzi.

Nikasahau kupumua. Jiwe nililokuwa nikilisugua kama sufuria lilikuwa na vyumba! Chembe za kwatsi ziling'aa kama kioo chenye ukungu. Felspa ya waridi ilikaa kwa mabapa mapana, na felspa nyeupe ikajibana kando yake. Katikati, ulanga mweusi ulimeremeta. Mama aliwahi kusema kwamba mwamba wa namna hii ulikuwa uji wa moto, ukapoa taratibu mno chini kabisa ya ardhi, ndiyo maana chembe zake zilipata muda wa kunenepa. Nilijiona mdogo kuliko chembe yoyote.

Nikahesabu kila kilichoangukia chini ya nukta. Kwatsi kumi na saba, waridi thelathini na tano, nyeupe ishirini na nane, nyeusi ishirini. Sheria ya Mama niliijua: kwatsi isipofika ishirini katika mia, jiwe si itale, yaani graniti.

Nikaandika, "Si itale." Nikanyanyuka kumpelekea.

Lakini macho yalikuwa bado mle ndani. Nikakumbuka siku moja nikipiga deki, Mama akimwambia msaidizi wake: "Jina la ukoo ni la ndugu watatu, kwatsi na felspa mbili. Nyeusi ni mgeni. Mgeni hahesabiwi kwenye kikao cha ukoo."

Na mimi nilikuwa nimewaketisha wageni ishirini! Ndugu walikuwa themanini tu. Sikujua hesabu ya kurekebisha hilo. Basi nikaisogeza plastiki mahali papya, nikaendelea na ndugu peke yao, kila nyeusi nikiiruka, mpaka wakatimia mia. Kwatsi ikaongezeka nne.

Ishirini na moja.

Mama alikuwa amekwisha kuiona mezani ile karatasi yangu ya kwanza. "Si itale?" aliuliza, mkono tayari kwenye simu.

Fundi alizima msumeno ili asikie vizuri.

"Mama, nimekosea," nilisema. "Niliwahesabu wageni. Ni itale."

"Umegawanya?"

"Sijui kugawanya, Mama. Nimeongeza ndugu mpaka wakatimia mia."

Aliinamia lenzi, akaisogeza plastiki, akahesabu mwenyewe. Alipoinuka aliirudisha simu mfukoni.

"Kugawanya nitakufundisha Jumatatu," alisema. "Kiti hicho kina mguu mbovu, usiegemee."

"Kumbe ana sauti!" fundi akapayuka. "Haya, Kimya, hicho kilichokutoa macho ni nini? Jiwe ni jiwe."

"Njoo uone, kaka."

Alikuja akijifuta vumbi, akafumba jicho moja, akainama. Miaka kumi alikuwa amekata mawe yale. Nilingoja utani wake, nikangoja tena. Maji yalidondoka kutoka kwenye msumeno uliozimwa, tone moja moja, naye bado ameinama.