Fuko Aliyebisha

Jumamosi asubuhi, redio ilipokuwa ikirusha michezo ya kompyuta, jengo la wachimbaji kule Rudnjak, mji wa makaa ya mawe, lilikuwa kimya kuliko kanisa. Hakuna aliyewasha mashine ya kufulia, hakuna aliyekokota kiti. Mtangazaji alisema, "Haya, kaseti zenu tayari," kisha redio ikaanza kupiga kelele kama paka aliyebanwa na mlango. Kelele ile ndiyo iliyokuwa mchezo wenyewe. Ukiirekodi vizuri na kuilisha kompyuta, unacheza. Ukiirekodi vibaya, imekula kwako.

Desanka alikuwa na miaka kumi, na hakuwa na waya wa kuunganisha redio na kinasa sauti. Aliweka maikrofoni mezani mbele ya redio, akawaonya watu wote wa nyumba wasipumue ovyo. Mama yake, Stojanka, aliacha kukoroga maharage. Kaka yake Rale alibana pumzi hadi akawa mwekundu, maana alipenda kushindana hata pasipo na mashindano. Baba yao, Vidoje, ndiyo kwanza ametoka mgodini, vumbi la makaa limemjaa kifuani. Kelele ilipokaribia kwisha, akakohoa.

"Baba, na wewe!" alisema Desanka.

"Nisamehe, mwanangu. Hiki kifua hakina adabu."

Mchezo ulikubali hivyohivyo. Uliitwa Fuko. Fuko mdogo mwenye kofia ya chuma alichimba chini ya ardhi, chumba baada ya chumba, na mstari wa pumzi yake ulikuwa ukifupika juu ya kioo. Hakupiga risasi wala hakuruka. Kulikuwa na kitufe kimoja cha kumfanya abishe hodi ukutani kwa koleo, lakini kubisha kulikula pumzi na hakukuleta chochote, basi hakuna aliyekigusa. Jarida la kompyuta liliupa nyota moja, likaandika kuwa unafaa kwa watu wanaosubiri kung'olewa jino. Redio haikuurusha tena. Watoto wa jengo walitaka ndege na mizinga.

"Unacheza na panya wako tena?" Rale alikuwa akimuuliza kila siku.

"Ni fuko."

"Panya aliyepata ajira."

Desanka aliupenda kupita kiasi. Alipenda kwamba njia ukishaichimba haifutiki, unaweza kurudi na kuikuta. Na kaseti yake ilikuwa na kitu ambacho kaseti nyingine hazikuwa nacho. Katika chumba cha chini kabisa, nyuma ya ukuta ambao koleo halikuweza kuuvunja, kulikuwa na mtu anakohoa. Nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Maikrofoni ilikuwa mezani, na Vidoje alikuwa mezani. Vidoje mwenyewe alitega sikio, akasema, "Huyo bwana apunguze sigara," akaenda kulala.

Mwaka uliofuata moto ulizuka katika shimo la mashariki. Injinia mkuu, Bwana Gvozden, aliamuru mdomo wa shimo uzibwe kwa zege ili moto ukose hewa, na mgodi ukapona. Wanaume wa zamu walibaki ndani, Vidoje akiwa miongoni mwao. Injinia alipita mlango kwa mlango, kofia mkononi, akiwaambia wajane kwamba waume zao walikufa papo hapo, hawakuhisi kitu. Stojanka alimshukuru kwa maneno yale. Akamkarimu kahawa, na jamu ya cheri kwa kijiko kidogo, kama mgeni anavyokaribishwa.

Jioni Desanka aliwasha mchezo, na yule mtu nyuma ya ukuta akakohoa. Stojanka alizima kompyuta, akaifunga ndani ya shuka, akaipandisha juu ya kabati.

"Aliyefariki aachwe apumzike," alisema.

Kompyuta ilikaa juu ya kabati miaka na miaka; nchi ikavunjika vipande, mgodi ukafungwa, nyaya za lifti zikauzwa kama chuma chakavu. Desanka alihamia jiji la Novi Sad, akawa mwalimu wa jiografia, mvi zikamtoka. Kila Agosti alirudi kwa ajili ya Siku ya Wachimbaji, na kila Agosti alilala kando ya kabati lile akimwaza yule mtu wa nyuma ya ukuta. Mwaka huu, asubuhi ya mkesha wa sikukuu, alipanda juu ya kiti akaliteremsha furushi.

"Mama, nataka nimtoe."

Stojanka alikuwa anachambua maharage.

"Haya, mtoe," alisema. "Zamani nisingeweza kumsikia. Sasa naweza. Ila usinizibie jiko."

Rale alipita mchana kati ya abiria mmoja na mwingine, maana alikuwa dereva wa teksi, akakuta dada yake ameketi sakafuni na televisheni ya zamani.

"Mtu mzima na miwani yako, bado uko na panya?"

"Kaa chini, au nenda."

Akakaa. Teksi yake ikabaki barabarani na mlango wazi. Desanka alishuka chumba baada ya chumba, vidole vyake vikikumbuka kila kona, hadi kwenye ukuta. Ng'ambo, mtu akakohoa. Stojanka alisimama na mwiko mkononi, kisha akarudi kukoroga. Fuko alichimba ukuta, pumzi ikakatika, akafa. Desanka akaanza upya. Akafa tena. Alikufa mchana kutwa, kutoka juu, kutoka pembeni, kwa pupa na kwa utaratibu, na machozi yakaanza kumlenga.

"Kwa nini humbishii?" aliuliza Stojanka, bila kugeuka.

"Kubisha kunamaliza pumzi, mama."

"Kunamaliza, ndiyo. Lakini mchimbaji akifukiwa unabisha kwanza. Akisikia, anabisha vilevile, ndipo mnachimba wote wawili. Upande mmoja utachimba mpaka lini? Mke wa mchimbaji yeyote anakuambia hilo."

Desanka alimshusha fuko mara nyingine. Akabonyeza kile kitufe. Fuko akagonga ukuta kwa koleo: mbili, kimya, moja. Mstari wa pumzi ukapungua nusu. Desanka akaweka mikono mapajani.

"Chimba basi! Inaisha hiyo!" alisema Rale.

"Nyamaza."

"Desa, inaisha!"

"Rale, mwache mtu ajibu."

Mstari ulibaki kama uzi. Nyuma ya ukuta kukagongwa: mbili, kimya, moja. Kisha udongo ukaanza kumeguka kutoka ng'ambo. Fuko alichimba pumzi yake ya mwisho, ukuta ukafunguka, na kwenye mwanya wakatokea vijitu vyenye taa, mmoja baada ya mwingine, wa kwanza akikohoa.

Rale alimnyanyua dada yake akamzungusha hadi miwani ikaruka. "Fuko!" alipiga kelele. "Fuko wetu!" Desanka alicheka na kulia kwa pamoja. Hakuwahi kufurahi namna ile tangu azaliwe.

Upande wa mgodini, lifti isiyo na nyaya ilisikika ikipanda. Majengo yote yakabandika maji ya kuoga. Wanaume walishuka barabarani na taa zao, wakisalimia madirisha, na aliyefika kwake aliingia. Vidoje alibisha hodi.

"Vua viatu," alisema Stojanka. "Ndiyo kwanza nimepiga deki."

Akavua. Akapewa ndala za wageni, maana zake zilishatupwa. Alikuwa na umri uleule aliokwenda nao.

"Nimekupita miaka, baba," alisema Desanka.

"Naona. Nani amenitoa?"

"Mimi."

"Hongera, mwanangu." Alimkumbatia, akamwachia makaa kwenye shavu, na Desanka hakuyafuta.

Vidoje alikula sahani ya pili ya maharage ndipo Stojanka alipouliza. "Ulikufa papo hapo?"

"Hapana. Tuligonga bomba. Wa juu walitusikia, maana walijibu, mara moja tu. Halafu tukasikia mashine ya zege."

Stojanka aliweka kijiko chini. "Na mimi nilimpa injinia kahawa. Na jamu."

"Jamu gani?"

"Ya cheri."

"Ile ya cheri?" Vidoje alitikisa kichwa. "Loo, Stojanka." Lile lilimuuma kweli.

Siku ya Wachimbaji wanaume walitangulia mbele ya bendi, wameoga, kofia zinang'aa, na mji mzima ulipiga makofi hadi mikono ikawasha. Rale alipiga honi ya teksi njia nzima. Mwanamke mmoja alimwambia Desanka kuwa hata yeye zamani alikuwa na ule mchezo, akaufuta. Desanka alisema pole, na alitembea kichwa juu kuliko mpiga tarumbeta.

Injinia Gvozden, mzee sasa, mwenye mtaa uliopewa jina lake, alisoma hotuba yake ya kila mwaka. Walikufa papo hapo, alisoma, hawakuhisi kitu. Watu wakapiga makofi, kama kila mwaka. Kisha akapita kwenye mstari wa wajane akiwapa mkono.

"Pole sana, mama," alimwambia Stojanka.

Vidoje alikuwa amesimama ubavuni mwa mkewe, amemshikia mkoba.

"Tulihisi," alisema.

Injinia akampa mkono na yeye. "Pole sana, bwana," alisema, akasogea kwa mjane aliyefuata.