Mafuta ya Delmar kwenye Mizani

Delmar Voight alikuwa na imani moja kubwa maishani, nayo ni kwamba kila kitu cha chuma kinataka mafuta. Alipaka bunduki, alipaka bawaba za milango, alipaka zipu ya koti lake la kuwindia, na siku moja, kwa mapenzi yaleyale, alipaka kibaniko cha mkate, nyumba nzima ikanuka gereji hadi Jumapili. Shemeji yake, Arlys Bakken, alikuwa na huruma nyingi juu ya ndoa ile, na huruma yote alimpa dada yake Karla, mke wa Delmar. Ya Delmar haikubaki hata tone.

Ijumaa hiyo mchana Arlys alisimamisha pikapu mbele ya gereji ya Delmar, akashuka kuchukua risasi zake. Kesho yake msimu wa kulungu wakubwa wa milimani ulikuwa unafunguliwa. Hapo Montana vibali vya bonde analolipenda hutolewa kwa bahati nasibu, na Arlys alikuwa akiomba tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Mwaka huu ndipo jina lake lilipotoka. Bunduki yake ni ya marehemu baba yake, ya zamani, na risasi za aina ile madukani siku hizi hazipatikani kirahisi. Kwa kawaida hujaza baruti kwenye maganda ya risasi zake mwenyewe, lakini mwezi wa nane farasi alimtupa akamvunja mkono, uliopona wiki hii tu, na Karla, kwa wema usiofikiri, akasema, “Delmar atakujazia.”

“Karibu, shemeji!” Delmar alipaza sauti, mdomoni ana kipande cha nyama kavu. “Karibu maabara!”

Maabara ilikuwa meza iliyobanwa kati ya friza na hita iliyovuma kama trekta. Juu ya meza, risasi za Arlys zilisimama zimepangwa, zinang'aa kama meno ya bandia.

“Nzuri,” Arlys alisema. “Baruti umeipima kwa kitu gani?”

“Kwa mizani mpya. Ile ya umeme nimeitupa. Tapeli kabisa.”

Arlys aliikumbuka ile ya umeme. Delmar aliichagua dukani kama mtu anayechagua kasuku, kwa rangi, na kwa sababu ilizungumza na simu. Hakuuliza kama inakuja na vipimo vya kuihakiki, vile vyuma vidogo vya uzito unaojulikana. Alipofika nyumbani aliiweka mbele ya hita, simu ubavuni mwake, akaanza kupima kabla haijapata joto. Namba zikatembea zenyewe juu na chini kwa kupulizwa na upepo, naye akahukumu kwamba kiwanda kimemdanganya.

Hii mpya ilikuwa ya mkono, mtindo wa wazee: wenzo mrefu wenye alama, kisahani upande mmoja, na makali mawili ya chuma yanayokalia vijiwe laini. Ni chaguo zuri. Arlys alikaribia kumsifu. Kisha akainama na kuona makali yale yanameremeta.

“Delmar. Hiki kinachong'aa ni nini?”

“Mafuta ya bunduki,” alijibu, amejaa fahari. “Ya bei mbaya yale. Chuma juu ya jiwe, shemeji, si vitasagana?”

Arlys alifumba macho kidogo. Duniani wapo watu wengi wanaoharibu mizani kwa kutoijali. Kuiharibu kwa kuijali hivi kunataka kipaji.

“Makali haya yanatakiwa kucheza makavu. Ukiyapaka mafuta yanashika vumbi na unga wa baruti, wenzo unakwenda kama mlevi. Nipe kipimo cha kuhakiki.”

Delmar alinyoosha vidole vilivyolowa mafuta ya nyama. Arlys akampiga kofi mkononi.

“Kwa kibano! Unataka kupima kipimo au chakula chako cha mchana?”

Aliweka kipimo kwenye kisahani, akaachia wenzo. Ukasimama chini ya mstari. Akaugusa, akauachia tena. Sasa ukasimama juu ya mstari. Mara ya tatu ulisita njiani na kulala hapo, hauna haraka, kama mtumishi wa serikali.

“Tofauti ya unywele tu,” Delmar alisema.

“Unywele huo wa baruti ukizidi kwenye bunduki ya baba, kile chuma cha kufungia risasi kinanirudia usoni.”

“Basi tupime risasi nzima nzima! Ya kosa itajitaja yenyewe.”

“Maganda yenyewe hayalingani uzito, shemeji. Utampimaje mtoto akiwa mgongoni, na kila mara amebebwa na mama mwingine?”

Delmar alivimba. “Sema tu huniamini. Tangu harusini huniamini. Nimekaa hapa wiki nzima kwa ajili yako, risasi hizi ni salama, naapa.”

“Sawa, nakuamini.” Arlys alichukua risasi moja akamwekea kiganjani. “Bunduki yako mpya si ya saizi hii hii? Toka nje, piga kile kifusi cha udongo nyuma ya gereji. Ikilia vizuri nachukua zote, na naomba radhi mbele ya Karla.”

Bunduki mpya ilikuwa ukutani, inang'aa mafuta kama gololi. Delmar aliiita Malkia. Aliitazama, akaitazama risasi, akaitazama tena Malkia.

“Leo kuna upepo,” alisema.

“Hupigi upepo. Unapiga kifusi, na ni kikubwa kuliko friza.”

Alitafuna ingawa mdomoni hamkuwa na kitu. Kisha aliifungua droo akatoa nyundo ya kung'olea risasi, ile ya plastiki yenye tumbo tupu. Akaingiza risasi, akaigonga sakafuni. Kichwa na baruti vikaangukia ndani.

Arlys alizima hita. Akafuta makali na vijiwe kwa pamba yenye spiriti, akayapitishia brashi laini kavu, akasawazisha miguu ya mizani na kurudisha sifuri. Alipoweka kipimo, wenzo ulisimama kwenye mstari, na kila alipourudia ulisimama palepale. Mizani haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa imeolewa vibaya tu.

Baruti ya risasi ya kwanza ilipungua. Ya pili ilipita kikomo cha kitabu cha kujazia risasi, na si kwa unywele. Delmar alisoma alama mwenyewe, pua karibu na wenzo, akaacha kupumua asiutikise.

“Endelea kugonga,” Arlys alimwambia. “Mimi nitapima na kujaza upya.”

Jioni ilipoingia alikuwa na risasi za kumtosha mtu anayejua kulenga. Akazitia mfukoni, akavaa kofia.

“Shemeji,” Delmar aliita, sauti imepoteza maabara yote. Alikuwa amefungua kabati. Ndani mlikuwa na masanduku ya risasi alizojijazia kwa mizani ileile, moja juu ya jingine hadi rafu ya juu. “Na zangu je?”

“Nyundo unayo mkononi,” Arlys alisema, akaenda kuwasha gari.