Mwalimu Rula Aahidi Kucheza

Katika shule ya wavulana ya Sumanagiri, juu kule kwenye milima ya chai, hakuna aliyewahi kumwona Mwalimu Hemapala Weerakkody akitingisha hata kidole kwa sababu ya muziki. Wanafunzi walimpa jina la Rula kwa jinsi alivyotembea: wima, shati jeupe limenyooka kwa pasi, tai shingoni hata jua likiwa la utosi. Alikuwa akifundisha hisabati shuleni hapo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na waliofaulu mikononi mwake walikuwa wengi. Walioshindwa nao hawakuwa haba, ila hao hakuwa na desturi ya kuwafikiria sana.

Mwaka huo Mkuu wa shule, Bwana Ruwanpura, aliamua kwamba wafikiriwe. Akachagua wavulana saba wa darasa la mtihani, wale wa mkiani kabisa, akamkabidhi Weerakkody awe anakaa nao kila alasiri baada ya kengele ya mwisho. Awasaidie, awachangamshe akili, na wakifanya vizuri watuzwe mbele ya shule nzima. Weerakkody akauliza watatuzwa kitu gani. Mkuu akamjibu kwamba kwanza wafanye vizuri.

Wiki za mwanzo zilikuwa mateso kwa pande zote mbili. Mwalimu aliandika ubaoni, wavulana walipiga miayo. Kati yao alikuwemo Rizmi, mtoto wa mwoka mikate wa pale sokoni, ambaye mdomo wake haukujua likizo. Na alikuwemo Dulaj, kijana mrefu mwenye tabasamu la kudumu, mpiga ngoma wa papare, bendi ile ya shule inayoamsha jukwaa siku ya mechi kubwa ya kriketi dhidi ya watani wao wa mji wa chini. Vidole vya Dulaj havikutulia. Kila meza aliyokalia iligeuka ngoma, na Weerakkody alikuwa ameshamhamisha viti mpaka akachoka.

Siku moja mvua ilikuwa ikinyesha kwa fujo juu ya mabati, mwalimu akiuliza swali hili na lile, hakuna anayejibu. Akaweka chaki chini.

"Hebu niambieni," alisema. "Niwape nini nyinyi ndipo mshike kalamu?"

Alikuwa hategemei jibu. Lakini Rizmi alikuwepo.

"Ucheze baila, mwalimu, ile ya kukata kiuno. Siku ya mechi, mbele ya bendi."

Weerakkody alifungua mdomo amfukuze nje. Ndipo akaona jambo ambalo hakuwahi kuliona tangu darasa lile lianze: wote saba walikuwa wamekaa wima, macho kwake, wanasubiri. Hata vidole vya Dulaj vilikuwa vimetulia. Yeye mwenyewe hakujua maneno yale yalimtokaje.

"Mkifaulu mtihani wa muhula wote saba, nitacheza," alisema. "Nimesema wote saba. Akibaki mmoja, hakuna kitu."

Alirudi nyumbani akijiambia kwamba hajapoteza chochote. Saba wale kufaulu wote kwa mpigo ilikuwa sawa na kuona theluji ikianguka kwenye mashamba ya chai.

Kesho yake asubuhi habari zilikuwa zimemtangulia. Mlinzi wa geti alimwamkia huku anauma midomo asicheke. Mama wa kantini alimuuliza kama atacheza na viatu au bila. Kwenye chumba cha walimu, mwalimu wa sayansi alitaka kujua iwapo siku hiyo atajifunga saroni kiunoni au atabaki na tai yake, ili wajiandae kisaikolojia. Weerakkody alikunywa chai yake akiwa amekaza uso.

Kisha mambo yakaanza kubadilika taratibu. Alasiri alipofika darasani aliwakuta wamekwishakaa. Wakaanza kuuliza maswali, mengine ya kijinga, lakini maswali. Alipopita sokoni siku moja akawakuta wote saba kwenye chumba cha nyuma cha duka la mikate, wamezunguka meza yenye unga, mama yake Rizmi akiwamiminia chai ya rangi na kuwaletea vade, zile bajia za dengu, zikiwa bado zinachuruzika mafuta. Aliyeelewa kitu alikuwa haruhusiwi kuondoka mpaka amweleweshe mwenzake. Rizmi alikuwa akimfundisha Dulaj milinganyo, kwa ujasiri mkubwa, na alikuwa anakosea kuanzia mstari wa pili.

Weerakkody alisimama mlangoni akijizuia. Hakuweza. Akaingia, akavuta kigoda, akamsahihisha, na mama yake Rizmi akamwekea sahani bila kumuuliza. Alipokumbuka kutazama nje, taa za sokoni zilikuwa zimeshawashwa.

Tangu hapo hata ufundishaji wake ukalegea kidogo, kwa maana nzuri. Akawa anawaacha wao washike chaki, yeye akae dawati la nyuma. Jumamosi moja aliwapeleka kwa treni mpaka Demodara, pale reli inapouzunguka mlima na kupita chini yake yenyewe, wakae juu ya kilima wakokotoe treni imeshuka kiasi gani kwa duara lile moja. Walibishana safari nzima ya kurudi. Majibu ya Dulaj yaliitumbukiza treni chini ya usawa wa bahari, wenzake wakacheka mpaka abiria wakageuka, na yeye akacheka kuliko wote, kisha akatoa kalamu akaanza upya.

Nyumbani, mke wake Chandima alikuwa ameshaona mambo yanaelekea wapi.

"Hao watoto watafaulu," alimwambia. "Na wewe miguu yako ni ya mbao. Njoo jikoni."

"Kuna nini jikoni?"

"Kuna mimi na redio. Vua tai."

Basi akafundishwa baila kati ya jiko na pipa la mchele. Weerakkody alisema anafanya hivyo kwa tahadhari tu. Chandima alisema tahadhari ndiyo hiyo, alegeze kiuno. Alikuwa akimshika mabega akimgeuza huku na huku, na mara mbili tatu alilazimika kuketi chini kwa kicheko. Lakini mwalimu hakupenda. Kila alipofikiria jukwaa lililojaa wazazi, wanafunzi wake wa zamani, na wale watani wa mji wa chini, alisahau hatua zote.

Mtihani wa muhula ulifika, ukafanyika. Akasahihisha karatasi kwenye meza ya barazani. Wa kwanza kafaulu. Wa pili kafaulu. Rizmi kafaulu kwa alama ambazo zingempa kiburi cha mwaka mzima. Mpaka wa sita, wote wamepita, na mwalimu alikuwa anatokwa jasho kwenye baridi ya mlimani. Iliyobaki ni ya Dulaj.

Dulaj alipata thelathini na sita. Aliyetaka kufaulu alipaswa kufikisha arobaini.

Pumzi ndefu ilimtoka Weerakkody, na mabega yakashuka. Hakuna kucheza. Alijinyoosha kwenye kiti, akatabasamu kabisa. Halafu tabasamu lile likamfia mdomoni, maana alijiona. Mwalimu mzima, amekaa barazani anafurahia mtoto kushindwa.

Chandima alimkuta kalamu iko chini na chai imepoa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna. Dulaj amekosa alama nne."

Chandima alimtazama. "Na wewe ukafurahi."

"Nilifurahi kwanza," alisema Weerakkody. "Sasa sifurahi."

Aliipitia karatasi ile mstari kwa mstari akitafuta alama aliyoisahau. Hakuipata, na ya kubuni hakuwa mtu wa kuitoa. Thelathini na sita ikabaki palepale.

Alasiri iliyofuata aliwaambia. Dulaj alikuwa ameinamia meza.

"Nimewaharibia," alisema.

"Nyamaza wewe," Rizmi akamjibu. "Muhula uliopita ulipata tisa."

Weerakkody, aliyeishi na namba maisha yake yote, alisimama pale na chaki mkononi. Tisa mpaka thelathini na sita. Hakuna kati ya wale sita aliyepanda mlima mrefu kama huo, na yeye aliyewasahihisha wote hakuwa amekaa hata dakika moja kulitazama hilo. Alikuwa ameutazama mstari wa arobaini tu.

Jumatatu, kwenye mkusanyiko wa asubuhi, Bwana Ruwanpura alisimama na kisanduku cha beji. Alieleza shule habari za darasa la alasiri, akasifu, kisha akaita majina sita. Hakuna aliyeinuka. Akaita tena, akidhani kipaza sauti kimeharibika. Minong'ono ikaanza kutambaa kwenye mistari. Hatimaye Rizmi akasimama pale alipo.

"Samahani, Mkuu," alisema. "Sisi tulisoma saba."

Uso wa Mkuu ulianza kuiva. Kabla haujaiva vizuri, Weerakkody akapanda jukwaani, akasema kwamba sharti la wote saba aliliweka yeye, na aliliweka vibaya, kwa hiyo kama kuna wa kukaripiwa ni yeye. Akaomba beji zitunzwe mpaka Dulaj arudie mtihani baada ya mechi, kama kanuni za shule zilivyoruhusu. Bwana Ruwanpura alifunga kisanduku akaamuru wimbo wa shule uimbwe.

Dulaj, kwa upande wake, hakushukuru mtu. Alimwambia Rizmi wakati wa mapumziko kwamba wamemfanya aonekane kama yatima, na kwamba wakati mwingine wachukue beji zao wamwache na ngoma yake. Rizmi akamwambia wakati mwingine apate arobaini. Wakagawana maandazi aliyoleta Rizmi kutoka dukani kwao, yakaisha.

Siku ya mechi uwanja ulijaa mpaka kwenye kuta. Bendera, miavuli, wazee waliovaa tai za shule zilizopauka, na harufu ya mahindi ya kuchemsha. Sumanagiri walianza kupiga vizuri, kisha wachezaji wao wakawa wanatolewa mmoja baada ya mwingine, na yalipofika mapumziko ya chai, watani wa mji wa chini walikuwa wanaimba. Jukwaa la Sumanagiri lilikuwa limenyong'onyea. Bendi ya papare ilikaa kimya, tarumbeta zimelazwa mapajani.

Weerakkody alikuwa ameketi na walimu wenzake. Akainuka. Mwalimu wa sayansi alidhani anakwenda msalani. Lakini alishuka ngazi, akakatiza mbele ya jukwaa lote, wima kama kawaida, mpaka mbele ya bendi, akasimama kwa Dulaj.

"Piga," alisema.

Dulaj hakuelewa. "Mwalimu, mimi sikufaulu."

"Najua. Nimesahihisha mimi." Alikuwa analegeza tai. "Ulitoka kwenye tisa. Ningeahidi kucheza kwa ajili ya hilo tangu mwanzo kama ningekuwa na akili. Piga, kabla sijabadili mawazo."

Dulaj aliinua fimbo zake. Kisha fimbo zikashuka juu ya ngozi, na midundo ikatoka polepole kwanza, halafu kwa kasi, na tarumbeta zikadandia.

Mwalimu Weerakkody akacheza. Alicheza vibaya, hilo lisifichwe. Magoti yalikwenda kivyake na mikono kivyake, na kiuno alichohangaikia Chandima jikoni kilikumbuka nusu tu ya somo. Halafu kelele zilizopanda zilisikika mpaka kituo cha treni. Wavulana waliruka kutoka kwenye viti wakamzunguka. Mlinzi wa geti alikuwa wa kwanza kati ya watu wazima kuingia, akifuatiwa na mama wa kantini. Hata watani wa upande wa pili waliacha kuimba wakasimama kupiga makofi. Bwana Ruwanpura alijifunika uso kwa kofia, ila mguu wake mmoja ulionekana ukigonga chini. Chandima alikuwa amekaa safu ya juu, anacheka na kufuta machozi kwa ncha ya sari.

Katikati ya yote hayo Weerakkody aligundua kwamba amesahau kabisa nani anamtazama. Alicheza mpaka mwamuzi akatuma mtu kuomba uwanja uachwe.

Sumanagiri walifungwa. Mchezo ulikuwa umeshaharibika, na papare haijawahi kumfundisha mtu kudaka mpira.

Dulaj alirudia mtihani akapata arobaini na tatu. Hakuna aliyeahidiwa chochote safari hii. Alikuwa amekwenda barazani kwa mwalimu kila jioni ya juma lile, na Chandima alilazimika kumnyang'anya vijiko kwa sababu alikuwa akivigonga kwenye vikombe. Mkuu aliita majina saba, wakapanda saba, na Rizmi akataka wapigwe picha mara mbili maana ya kwanza alifumba macho.

Mtihani wa taifa haukuwa na huruma hiyo. Wawili kati yao walishindwa hisabati na ikabidi wairudie mwaka uliofuata. Dulaj hakuwa mmoja wao, ingawa alipita chupuchupu. Weerakkody aliwachukua hao wawili barazani kwake na kuendelea nao, na darasa la alasiri akaliendesha mpaka alipostaafu. Beji zenyewe zilikuwa za bati, rangi ikachubuka baada ya mvua chache. Dulaj aliibandika yake kwenye mkanda wa ngoma, na alipomaliza shule aliuacha mkanda ule kwa mpigaji aliyemfuata, lakini beji aliondoka nayo.