Gogo la Bosi

Jumamosi ile jumuiya yetu iliposali kwa Mama Kunigunda, tulitoka nje tukakuta mlangoni hakuna kiatu hata kimoja. Vyote vilikuwa nyuma ya jiko, vimerundikwa kama mtumba wa mnadani, na katikati yake Bosi, mbwa wa nesi Tumpe, anamalizia kisigino cha kandambili ya katekista.

"Bosi kafungua duka!" Lidia, mwenzetu wa jumuiya, akasema. "Haya, tupange foleni."

Tulicheka. Mama Kunigunda hakucheka.

"Tumpe mwanangu, wewe ni mpangaji mzuri, sina neno. Lakini Jumamosi ijayo wanarudi hapa kumwombea marehemu mume wangu. Kikiguswa kiatu, mbwa ataenda kijijini Ukata kwa mdogo wangu, akalinde mahindi."

"Nimekusikia, mama. Naomba mnisamehe."

Tumpe ni mtu wa Kyela, aliletwa na kazi kwenye zahanati yetu hapa Maguu, na hana ndugu huku. Jioni ukipita karibu na chumba chake utamsikia akimsimulia Bosi habari za kazini kwa Kinyakyusa. Nilijua Bosi akipelekwa Ukata itamuumiza.

Mimi ni seremala, jirani yao. Kesho yake alikuja kwenye karakana yangu na mbwa wake.

"Kaka Aidan, kosa ni langu. Nilimpa kandambili yangu iliyokatika achezee. Sasa yeye atajuaje ipi ni ya kuchezea na ipi ni ya katekista?"

Mimi nilikuwa nimeshamhukumu mbwa. Hilo sikuwa nimeliwaza.

Wiki hiyo kila akitoka kazini alitafuta kitu cha Bosi kutafuna. Mpira alioagiza Mbinga mjini ulipasuka siku hiyohiyo, akamtoa vipande mdomoni kwa kidole. "Akimeza hiki, utumbo utaziba," alisema, akautupa. Nikampa kipande cha tairi. Alikikunja, akanionyesha ncha za waya. Mfupa wa supu aliukataa kwa sababu hupasuka ukawa na makali. Nikashauri fundo la kitenge chakavu. "Kesho atashusha kanga za mama kwenye kamba," akajibu, akacheka. Hakumfokea Bosi hata mara moja. Alichukua kigoda, akakaa na kumtazama anavyokishika kitu kwa miguu ya mbele na kukitafuna kwa meno ya pembeni.

Aliyepata jibu ni Bosi mwenyewe. Nyuma ya karakana nilikuwa na rundo la mibuni mizee niliyoing'oa shambani ili iwe kuni. Akaburuta gogo moja, akalala nalo. Nikainuka kumnyang'anya.

"Mwache kidogo, kaka, tuone."

Tuliona. Mti wa mbuni ni mgumu, na pale alipotafuna uliachia nyuzi laini zilizolowa mate, si vibanzi. Tumpe akapapasa kwa kidole, kisha ghafla akamnyang'anya gogo.

"Mibuni hii mnaipulizia dawa?"

"Ile ya buluu, kila msimu."

"Basi ganda lote litoke."

Tulichagua gogo lingine kavu, nene kuliko mdomo wa Bosi ulivyoweza kumeza. Nikalimenya, tukaliosha, nikalipiga msasa. Bosi alilitafuna kidogo, akaliacha, akaanza kuangalia viatu vyangu.

"Ni imara, ila halina raha," Tumpe akasema.

Nikatoboa tundu pana kwa keekee. Yeye akalishindilia ugali uliolala, uliochanganywa na usipa, wale dagaa wa Mbamba Bay, aliokuwa ameutwanga. Bosi akasahau kwamba nina miguu.

Jumamosi ikafika. Tulikuwa tunavua viatu mlangoni Tumpe alipoitwa zahanati. Kuna mama alikuwa na uchungu. Aliweka gogo uani, akamgusa Bosi kichwani, akanitazama, akaondoka mbio.

Tulianza rozari. Nje nilisikia gogo likigonga ardhi, ko, ko, likibingirika na kurudi. Katikati ya rozari likanyamaza. Mama Kunigunda alifumbua jicho moja, akatazama mlango, akaendelea na Salamu Maria kwa sauti ya juu kidogo.

Tulipotoka, Bosi alikuwa amelala juu ya viatu vyetu, amelikumbatia gogo. Mama Kunigunda akavuta kandambili yake chini ya kidevu cha mbwa. Akaigeuza huku na huku. Haikuwa na alama ya jino.

"Naona leo duka limefungwa," Lidia akanong'ona.

Tumpe alirudi watu wakiwa wanakula, bado amevaa sare, anahema.

"Shikamoo, mama. Viatu..."

"Marahaba. Mtoto amezaliwa?"

"Wa kike, mama. Wazima wote wawili."

"Basi nawa mikono ule. Na gogo lako limeisha usipa. Mimi sina kazi ya kulisha gogo la mtu."

Alisema hivyo akiwa ameinama, kiganja chake kimejaa usipa, anaushindilia ndani ya tundu kwa kidole gumba, huku Bosi akimlamba kifundo cha mkono.