Kikohozi Kinachoripoti Kazini

Kikohozi kilisikika getini bila mtu kuonekana: viwili vikavu, kisha kimoja chenye maji. Mlinzi wa kiwanda cha magodoro alitazama njia nzima, hakuona mtu, akafungua daftari na kuandika: kikohozi cha mkata sponji, saa moja kasoro dakika kumi. Kikapita, kikapanda ngazi, kikakaa kwenye mashine yake chini ya madirisha yaliyopigiliwa misumari.

Mkata sponji mwenyewe alikuwa kitandani siku ya nne, ana nimonia. Kila asubuhi kikohozi kilimtoka kikaenda kazini. Jioni kilirudi kumkaba. Mumewe, fundi viatu, alikifuata siku hiyo, akaingia zahanati ya kiwanda. Ndiko kulikokuwa na mtungi wa oksijeni, mmoja tu kwa mtaa mzima.

Nesi hakuinua kichwa alipoombwa mtungi. "Mtungi ni wa waliougulia kazini. Mkeo nimonia yake ni ya mtaani. Nimeshaandika."

"Umejuaje, na hujamwona?"

"Wote huandikwa hivyo. Nyumbani nani mwingine anakohoa?"

"Hakuna."

Nesi alimkazia macho kama mtu anayefichwa kitu. "Kikulacho ki nguoni mwako, kaka. Katafute huko kwenu."

"Nguo yenyewe ni sare yenu, dada."

Ghorofani kikohozi kilianza. Cha pili kikaitikia, kisha cha tatu, na wenye vikohozi hivyo wote walikuwa wamelala wagonjwa makwao. Nesi akafunga mlango. "Hivyo navyo ni vya mtaani," alisema. "Vimetumwa kututia aibu."

Msimamizi aliingia kulalamika kwamba vikohozi havikati sponji. Hata hivyo alikuwa ameviwekea alama ya mahudhurio. "Kwa hiyo mkeo yuko kazini," alimweleza fundi kwa upole. "Na aliye kazini si mgonjwa."

Fundi alirudi. Majirani walikuwa wameshaambiwa ugonjwa umetoka kwake. Kila alipopita, dirisha lilifungwa. Mteja mmoja alikuwa ameshachukua kiatu chake, soli ikining'inia.

Mkewe alikuwa kitandani bila kikohozi chake, midomo ya buluu, mbavu zikipanda na kushuka upesi.

"Wamesemaje?"

"Eti umeupata kwangu."

"Kwako?" Alivuta pumzi mara tatu kabla ya kumaliza. "Kwako nimepata nini, zaidi ya harufu ya gundi?"

Fundi alimfunika, akamvalisha soksi.

"Kesho kikitoka, nakubeba mgongoni tukifuate. Mlinzi atakuandika na wewe, uhesabiwe umeugulia kazini, wakupe mtungi. Nakuahidi, mke wangu, huugulii tena hapa. Hata ikiwa ni kufa, utafia kazini."